Albamu Iliyofichwa: Cold Lake na Hasira ya Waliovunjika Moyo

Historia ya sanaa, kama ilivyo historia ya siasa, huandikwa zaidi kwa kufuata mafanikio. Tunafundishwa juu ya kazi zilizofungua njia, na mara chache tunafundishwa juu ya kazi zilizowavunja moyo watu waliozisubiri kwa hamu. Katika makala haya nataka kutazama kazi moja ya aina hiyo ya pili: albamu iitwayo Cold Lake, iliyotolewa mwaka 1988 na bendi ya Uswisi iitwayo Celtic Frost. Najua kwamba wengi wa wasomaji wangu hawasikilizi muziki wa metali, na baadhi yao wanauhesabu kuwa kelele tupu. Hilo halitatuzuia. Swali linaloibuliwa na albamu hiyo linamhusu yeyote aliyewahi kuwa mfuasi wa kitu, kiwe chama, harakati au taasisi: kiongozi anapowaacha njiani waliomwamini, hasira yao ina maana gani, na kumbukumbu ya tukio hilo ni mali ya nani?

Tuanze na chimbuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji cha Nürensdorf karibu na jiji la Zürich, kijana aitwaye Thomas Gabriel Fischer, aliyezaliwa mwaka 1963, aliunda kikundi kilichokuja kuitwa Hellhammer. Uswisi ya wakati huo ilisifika kwa benki zake, utulivu wake na mahandaki yake ya kuwakinga raia na mabomu ya nyuklia. Vijana hawa walifanyia mazoezi yao ndani ya handaki mojawapo. Hawakuwa na mafunzo ya muziki wala vyombo vya maana. Walichokuwa nacho ni ukaidi. Mwaka 1983 walirekodi kanda tatu za majaribio, na mwaka uliofuata wakatoa santuri fupi iitwayo Apocalyptic Raids kupitia Noise, kampuni changa ya kurekodi yenye makao katika Berlin Magharibi.

Wahakiki waliwaponda. Katika magazeti ya muziki ya wakati ule, Hellhammer lilikuwa jina la dhihaka, mfano wa watu wasiojua kupiga ala wanaothubutu kupanda jukwaani. Lakini muziki huu ulikuwa na njia nyingine ya kusafiri ambayo wahakiki hawakuwa na mamlaka juu yake. Vijana wa Norwe, Brazili, Marekani na kwingineko walikuwa wakinakili kanda na kutumiana kwa posta, pamoja na vijarida vilivyopigwa chapa kwa taipureta na kutolewa nakala kwa mashine. Hapakuwa na redio, hapakuwa na matangazo, na hapakuwa na fedha ya kutajika. Kilichouendesha mfumo huo ni kuaminiana: unampelekea mtu usiyemjua kanda yako, ukitarajia naye atakuletea yake. Hii ndiyo maana halisi ya muziki wa chinichini, na wanaharakati waliowahi kusambaza vipeperushi watauelewa mfumo huo mara moja.

Mwaka 1984 Fischer na mpiga gitaa la besi Martin Eric Ain walilivunja kundi la Hellhammer na kuanzisha Celtic Frost. Kwa sehemu walikuwa wakilikimbia jina lililochafuliwa, na kwa sehemu walitaka kufika mbali zaidi. Ndani ya miaka mitatu walifika mbali kweli. Morbid Tales ilitoka mwaka huo huo. To Mega Therion ya mwaka 1985 ilibeba jaladani mchoro wa H. R. Giger, msanii wa Uswisi aliyekwishapata tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika filamu ya Alien, na ambaye aliwakubalia vijana hao wakati karibu kila mtu nchini mwao alikuwa akiwacheka. Kisha mwaka 1987 ikaja Into the Pandemonium, albamu ambayo hadi leo inashangaza: ndani yake mna ala za nyuzi za okestra, sauti za wanawake, shairi la Baudelaire kwa Kifaransa, wimbo uliojengwa juu ya mashine ya ngoma na sauti za wanaanga, na hata wimbo uliokopwa kutoka bendi ya Los Angeles isiyohusiana kabisa na metali.

Naomba msomaji auzingatie mwaka huo wa 1987, kwa sababu hoja yangu yote imeegemea hapo. Mashabiki wa muziki huu mara nyingi husemwa kuwa ni wahafidhina wasiotaka badiliko lolote. Lakini mashabiki hawa hawa walipewa albamu iliyovunja karibu kila kanuni ya muziki wao, na pamoja na wengine kunung'unika, walio wengi waliikumbatia na kuiheshimu. Waliona kwamba vurugu ile ilikuwa na mantiki yake. Bendi ilikuwa inauliza swali lile lile lililoulizwa handakini, yaani muziki huu unaweza kufika wapi, na sasa ilikuwa inalijibu kwa sauti pana zaidi.

Gharama ya jibu hilo ilikuwa kubwa. Bendi iligombana na kampuni yake kuhusu fedha na mwelekeo wa kazi. Ziara ya Amerika Kaskazini iliwaachia matatizo ya fedha na mivutano baina yao wenyewe, na baada yake kikundi kikasambaratika. Ain hakuwapo tena. Miezi michache baadaye Fischer alilifufua jina la Celtic Frost akiwa na wanamuziki wengine: mpiga gitaa Oliver Amberg, mpiga besi Curt Victor Bryant, na mpiga ngoma Stephen Priestly, ambaye aliwahi kupiga ngoma katika Morbid Tales. Kikosi hicho ndicho kilichorekodi Cold Lake, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Tony Platt.

Ili kuielewa albamu hiyo ni lazima tuutazame mwaka wenyewe. Kufikia 1988 tawi moja la muziki wa rock nzito lilikuwa limegeuka kuwa biashara kubwa. Bon Jovi walikuwa wameuza mamilioni ya nakala za Slippery When Wet, iliyotoka mwaka 1986, na Def Leppard wakafuatia na Hysteria mwaka 1987. Televisheni ya MTV ilikuwa ikionyesha mchana na usiku vijana wenye nywele zilizotimuliwa kwa dawa, suruali za kubana na nyimbo za mahaba. Fomula ilikuwa inajulikana, na kampuni za kurekodi zilijua faida yake. Katika mwaka huo huo, upande wa pili, muziki wa chinichini ulikuwa katika msimu wake wa mavuno: bendi ya Death kutoka Florida ilitoa Leprosy, Bathory wa Uswidi wakatoa Blood Fire Death, na Napalm Death wa Uingereza wakatoa From Enslavement to Obliteration. Kila mmoja kati ya hawa, kwa namna yake, alikuwa akilima shamba ambalo Celtic Frost walishiriki kulifyeka.

Basi mashabiki walipoifungua Cold Lake walikuta nini? Nembo ya zamani ya bendi ilikuwa imebadilishwa. Katika picha, wanamuziki walikuwa wamejipamba kwa mtindo ule ule wa televisheni. Nyimbo zilikuwa na majina ya utongozaji, mfano Seduce Me Tonight, na wimbo wa Cherry Orchards ulitengenezewa video. Bado kulikuwa na magitaa mazito hapa na pale, na sauti ya Fischer haikuwa imelainika kiasi cha kumpendeza msikilizaji wa Bon Jovi. Hapo ndipo ulipokuwa msiba wa albamu hii hata kwa vipimo vyake yenyewe: ilikuwa imejirembesha mno kwa waliokuwa wakiipenda bendi, na ilikuwa bado ya ajabu mno kwa wale iliokuwa inawatongoza. Mshika mbili moja humponyoka. Huyu yalimponyoka yote mawili.

Hasira ilikuwa kubwa, na haikupoa. Zaidi ya miaka 35 baadaye, jina la Cold Lake hutajwa katika mazungumzo ya muziki huu kama kipimo cha anguko. Bendi nyingine ikikosea, wasikilizaji huuliza kama hii ndiyo Cold Lake yao.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu hasira hiyo ni mepesi. Husemwa kwamba mashabiki walitaka muziki wa zamani urudiwe, au kwamba waliona wivu kumwona msanii wao akitafuta riziki. Siyakubali maelezo hayo, na ushahidi wangu ni Into the Pandemonium. Watu walioweza kuipokea mashine ya ngoma na shairi la Kifaransa hawakuwa waoga wa mapya. Walichokikataa mwaka 1988 ni badiliko lililofanywa kwa ajili ya mtu mwingine. Mwaka 1987 bendi ilibadilika kwa kuitii dira yake. Mwaka 1988 ilibadilika kwa kuwatazama waliokuwa wakiuza zaidi. Msikilizaji wa kawaida, asiyesoma mikataba wala kuhudhuria vikao vya kampuni, aliitambua tofauti hiyo kwa sikio tu.

Hapa pana fundisho la kisiasa. Viongozi wa harakati wanapobadili msimamo na wafuasi wakalalamika, jibu rahisi ni kuwaita wafuasi hao watu wasiokubali kwenda na wakati. Mara nyingine ni kweli. Lakini kabla ya kutoa hukumu hiyo ni haki tuulize kama wafuasi hao hao hawakuwahi kukubali mabadiliko makubwa zaidi huko nyuma. Kama waliwahi, basi malalamiko yao hayahusu kasi ya mwendo. Yanahusu mahali tunakopelekwa na nani aliyelipa nauli. Hasira ya aina hiyo ni amana. Mtu hamkasirikii kiongozi ambaye hakuwahi kumtegemea. Humpuuza na kupita. Waliolia juu ya Cold Lake ni wale walionakili kanda za Hellhammer usiku na kuzipeleka posta asubuhi.

Kwa Fischer mwenyewe, naona haki kusema kwamba hakujificha nyuma ya wengine. Amesema hadharani mara nyingi kwamba albamu hiyo ni aibu kubwa katika maisha yake ya usanii na kwamba mzigo wa lawama ni wake. Vanity/Nemesis ya mwaka 1990, ambayo Ain alirejea kushiriki, ilijaribu kurekebisha mambo, lakini imani ilikuwa imekwishapungua, na mwaka 1993 bendi ikavunjika. Fischer na Ain waliirudia kazi hiyo miaka ya 2000. Safari hii walijigharamia wenyewe, wakachukua miaka kadhaa bila kukimbizwa na mtu, na mwaka 2006 wakatoa Monotheist, albamu ya giza na uzito ambayo wasikilizaji wengi wanaiweka sambamba na kazi bora za miaka ya 1980. Imani iliyovunjwa kwa albamu moja ilihitaji miaka 18 kurudishwa, na ilirudishwa kwa kazi wala si kwa maelezo.

Lakini kuna jambo la pili ambalo Fischer amelifanya, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kazi za bendi zilipotolewa upya mwaka 1999, Cold Lake haikuwamo. Zilipotolewa upya tena mwaka 2017 kwa uangalizi mkubwa, pamoja na picha na maelezo, Morbid Tales ilikuwamo, To Mega Therion ilikuwamo, Into the Pandemonium ilikuwamo, hata Vanity/Nemesis ilikuwamo. Cold Lake iliachwa tena. Anayefuata mfululizo huo wa matoleo rasmi ataruka kutoka 1987 hadi 1990 kana kwamba hapakuwa na kitu katikati. Albamu inapatikana bado kwa wauza santuri chakavu na katika nakala za mtandaoni, lakini katika kumbukumbu rasmi ni pengo.

Naielewa sababu. Msanii ana haki ya kutouza kazi anayoionea aibu. Hakuna anayemlazimisha mpishi kuendelea kupakua chakula kilichoungua. Hata hivyo, historia ya Fischer mwenyewe inatoa hoja dhidi yake. Tukumbuke kwamba mwaka 1984 jina alilokuwa akilikimbia ni Hellhammer. Kwa miaka mingi kazi za kikundi hicho zilikuwa kama doa ambalo Celtic Frost ilipaswa kulifuta. Kisha nyakati zikageuka. Vijana wa Norwe walioijenga metali nyeusi miaka ya 1990 waliziona kanda zile mbovu kuwa chemchemi. Mwaka 2008 kanda za 1983 zilikusanywa na kutolewa rasmi kwa jina la Demon Entrails. Baadaye Fischer akaandika kitabu kizima kuhusu miaka ile, na mwaka 2019 akaanza kuzipiga nyimbo za Hellhammer jukwaani, akishangiliwa na umati ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa zilipotungwa. Kama angefaulu kuifuta aibu ile ya kwanza, tungekuwa tumepoteza mojawapo ya misingi ya muziki huu. Mwenye kazi si hakimu mzuri wa kile ambacho vizazi vijavyo vitakihitaji.

Sidai kwamba Cold Lake itakuja kugeuka lulu. Nimeisikiliza mara nyingi, na kwa maoni yangu ni albamu dhaifu: imekosa dira na imejaa kuiga. Nadai jambo dogo zaidi, ambalo kwangu lina uzito mkubwa: kwamba inapaswa kuwapo palepale ilipoangukia, kati ya 1987 na 1990, ili anayejifunza aone jinsi watu wenye kipaji kikubwa wanavyoweza kupoteza njia ndani ya mwaka mmoja. Kungamo lisiloambatana na ushahidi humtaka msikilizaji aamini tu. Kijana akiambiwa albamu ile ilikuwa mbaya, bila kuisikia, hujifunza kudharau. Akiisikia, hujifunza kupambanua.

Fundisho hili lina maana hata hapa kwetu, ambako muziki huu una watu wake. Nairobi imekuwa na bendi za metali kwa miaka mingi, na mwaka 2020 kikundi cha Duma cha jijini humo, ambacho jina lake kwa Kikuyu hurejelea giza wala si yule mnyama mwenye mbio, kilitoa albamu yake ya kwanza kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kazi ile, iliyochanganya mayowe, kelele za kielektroniki na midundo ya kasi isiyo ya kawaida, ilisikilizwa Ulaya na Marekani. Wasanii wa aina hii wanapopata wasikilizaji wa mbali, kishawishi cha kuanza kutunga kwa ajili ya macho ya mbali huja pamoja na sifa. Hawahitaji mahubiri yangu. Lakini wangefaidika kuwa na rekodi kamili ya wale waliotangulia, pamoja na makosa yao.

Nikigeukia uwanja wangu wa kawaida, nataka kuwaachia watumishi wa umma na wanaharakati kipimo kimoja. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alichapisha tathmini yake ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, na ndani yake alikiri kwamba Tanzania ilikuwa bado haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mtu anaweza kuzipinga sera zenyewe, na wengi wamezipinga. Lakini maandishi yale yalichapwa na kuuzwa, na mwanafunzi wa leo anaweza kuyasoma kando ya Azimio lenyewe na kupima ahadi dhidi ya matokeo. Linganisha na desturi iliyozoeleka ya ripoti ya mradi ulioshindwa kuingia kabatini, tovuti ya taasisi kusafishwa, na mkurugenzi mpya kuanza kuhesabu mafanikio tangu siku aliyoingia ofisini. Msanii wa Uswisi anayeficha albamu yake anatumia haki yake binafsi. Ofisi ya umma inayoficha kushindwa kwake inatumia mali isiyo yake, kwa sababu kushindwa huko kuligharamiwa na wananchi.

Martin Eric Ain alifariki dunia mwaka 2017, mwaka ule ule wa matoleo mapya. Fischer anaendelea na kazi katika kikundi chake cha Triptykon, na heshima yake kati ya wasikilizaji wa muziki huu ni kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Heshima hiyo haikupatikana kwa sababu watu wameisahau Cold Lake. Wanaikumbuka vizuri mno, na kwa kuikumbuka ndiyo wanajua Monotheist ilitoka umbali gani. Ukiwaondolea watu kumbukumbu ya anguko, umewaondolea pia kipimo cha kuinuka.